Saa Tatu na Dakika Ishirini

Gisenyi, Jumapili, 14 Septemba 2025

Saidati,

Assalaam alaykum. Naanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu nina raha ya kukusalimia.

Tangu Jumanne umenipigia simu mara kumi na moja. Zote niliziona, zote niliziacha zilie mpaka zikanyamaza. Kwenye simu utalia, na mtu akilia mimi husahau nilichotaka kusema. Kwa hiyo nimeandika. Bahasha nimeiweka kwenye basi. Wenye mabasi watakuwa wamekutumia ujumbe ukaichukue.

Tuandike yaliyotokea kwa saa zake, tusibishane.

Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri ulinipigia, ukasema baba amefariki. Saa saba kasorobo mchana mlikuwa mmeshamfukia. Saa nane na dakika thelathini na tano nilishuka Kibungo na begi langu mgongoni, nikakuta udongo umesawazishwa, majembe yameoshwa, watu wananawa mikono ili wale wali. Kutoka saa saba kasorobo hadi hapo ni saa moja na dakika hamsini. Alasiri siku ile ilikuwa saa tisa na robo. Mngemswalia alasiri badala ya adhuhuri, ningekuwepo na ningepata hata muda wa kunywa maji. Hakuna sheria ya dini mliyokuwa mnaivunja. Nimemuuliza sheikh wa huku, amesema saa chache hazina neno.

Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee. Nani alishuka kaburini? Baba mdogo Muhamadi na nani? Wale majirani waliokuwa wakimcheka alipofunga duka miezi mitatu mwaka 2020?

Ndiyo, niliondoka bila kuaga. Nilikaa pale dakika ishirini na mbili, nikapanda basi la kurudi. Kulikuwa na nini cha kukalia?

Silii. Usidhani naandika huku nalia. Nakula, nalala, nakata suruali tano kwa siku kama kawaida yangu. Mama Sano, mwenye atelie ya ushonaji ninapofanya kazi, anasema mkono wangu umenyooka kuliko mwezi jana.

Arobaini inaangukia Jumamosi, tarehe 18 Oktoba. Siji. Na usiponiandikia kwa nini hamkuningoja, usinihesabu tena kuwa mtu wa nyumba hiyo. Nilikuja huku na mkasi mmoja, hakuna aliyenisindikiza. Naweza kuendelea hivyo hivyo.

Kaka yako,
Sulaiman

&nbsp;

Kibungo, Ijumaa, 19 Septemba 2025

Kaka,

Waalaykumu salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi, kwa sababu na mimi ni mtoto wa fundi yule yule.

Tulikungoja.

Kaburi lilikuwa tayari saa nne. Baba mdogo alitaka tumzike saa nne na nusu. Nikatoka mbele ya wanaume, na unajua wanaume wa mtaa huu wanavyopenda msichana atoke mbele yao, nikawaonyesha ujumbe wako: "Niko njiani." Uliutuma saa kumi na moja na dakika arobaini. Nikawaambia, huyu saa sita atakuwa hapa. Wakakaa mkekani, wakasema sawa, tumswalie adhuhuri. Wakaswali. Hujafika. Nikapiga simu, imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Baba mdogo akanitazama. "Saidati, mwanangu, yuko wapi?"

Nikasema barabara imefungwa, udongo umeporomoka kule Shyorongi. Sijui hata kama siku hiyo mvua ilinyesha. Mbele ya jeneza la baba niliongopa ili watu wasikuseme vibaya. Baba mdogo akasema basi, hatuwezi kumweka mpaka tujue barabara imefunguliwa, twendeni.

Kaburini alishuka yeye, na muadhini, na mtoto wake wa kwanza. Wale waliocheka walichimba.

Sasa hesabu yangu. Kutoka Gisenyi mpaka hapa ni saa sita na dakika tano kama hukukwama kwenye kituo cha Nyabugogo pale Kigali. Uliniambia mwenyewe kwa simu Idi iliyopita. Ulishuka saa nane na dakika thelathini na tano. Nikirudisha nyuma saa sita na dakika tano, basi lako liliondoka saa mbili na nusu. Mimi nilikupigia saa kumi na moja na dakika kumi. Mabasi ya Kigali yanaanza kuondoka huko kabla hata jua halijatoka.

Umeandika saa zote, kaka. Hizi hukuziandika. Hizo saa tatu na dakika ishirini zote ulikuwa wapi?

Saidati

&nbsp;

Gisenyi, Jumatano, 24 Septemba 2025

Saidati,

Swali lako nimeliona.

Unajua nilivyofika huku? Hujawahi kuniuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilishuka gare, kituo chao cha mabasi, saa kumi na mbili jioni, kukiwa na baridi ambayo Kibungo hatuna jina lake. Nikauliza njia ya msikitini kwa Kiswahili chetu. Yule mtu akamwita mwenzake, "Kuja usikie huyu, anaongea sawa redio!" Wakanicheka, wakanionyesha njia, wakanibebea na begi. Mpaka leo mtaani Mbugangari jina langu ni Mutanzania. Nimewaeleza mara ngapi kwamba baba ndiye aliyezaliwa Karagwe, mimi nimezaliwa hapa hapa Rwanda. Wananijibu, "Sawa, Mutanzania."

Wiki tatu za kwanza nilifagia. Wiki ya nne Mama Sano akanipa kitambaa kilichoharibika, akasema kata tuone. Leo ndimi mkataji mkuu, chini yangu kuna mafundi sita, na mashine mbili kati ya saba zilizopo ni zangu. Kitambaa ninachopoteza kwa suruali moja hakifiki sentimita nane. Hakuna mtu Kibungo aliyenisaidia hata sentimita moja ya hayo. Nilikuja kwa sababu duka la baba lilikuwa na kazi ya mtu mmoja na sisi tulikuwa watatu, nikajitoa. Sikufukuzwa, lakini pia hakuna aliyesema baki.

Kabla sijakujibu, nijibu wewe. Mtu hafi tu alfajiri kama taa. Alikuwa anaumwa tangu lini?

Sulaiman

&nbsp;

Kibungo, Jumatatu, 29 Septemba 2025

Kaka,

Tangu Januari. Ini. Daktari wa Kigali alisema halina dawa tena. Kila Ijumaa ulipopiga simu alikuwa anakunywa kwanza maji ya moto ili sauti itoke, halafu ananiambia nimpe simu. Yeye ndiye aliyekataza tusikwambie. Mimi nilikubali, na hilo ni langu, silikatai.

Nimejibu. Sasa wewe.

Saidati

&nbsp;

Gisenyi, Jumapili, 5 Oktoba 2025

Saidati,

Miezi minane. Nimehesabu Ijumaa zile, ni kama thelathini na tano. Mara thelathini na tano nimemuuliza "hujambo baba" akasema hajambo, na wewe ulikuwa umesimama pembeni na kikombe.

Sitaandika zaidi juu ya hilo. Nimejaribu, kalamu haiendi.

Hizi hapa saa zako tatu na dakika ishirini.

Ulipokata simu nilivaa viatu. Nilipokuwa nafunga kamba ya kiatu cha pili nikakumbuka sanda. Wewe unajua, lakini nitaandika, kwa sababu nataka uone nilivyofikiri. Sanda ya kila Mwislamu aliyekufa mtaa ule, baba ndiye aliyeikata, bila malipo. Mimi nilishika upande wa pili wa kitambaa tangu nina miaka tisa. Sasa mkataji amekufa. Nikajiuliza nani atamkatia. Baba mdogo anauza saruji, hajui hata kushika mkasi. Nikajijibu kwamba ni mimi. Niliona ni jambo la wazi kabisa, kama mtu anavyoona ni lazima afunge mlango kabla ya kutoka.

Nikakutumia ujumbe kwamba niko njiani. Kweli nilikuwa njiani. Nilikuwa njiani kwenda kwa Faradji, mwenye duka la vitambaa.

Nilimgongea nyumbani kwake saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Akatoa kichwa dirishani. "We Mutanzania! Saa hii? Kitambaa kinakimbia?"

Nikamwambia nataka mita nane za pamba nyeupe.

"Mita nane?" Akanitazama. "Nyeupe?" Akavaa, tukashuka mpaka dukani. Alipokuwa anapima ndipo akaniuliza taratibu, "Ni wa kwenu?" Nikasema ni mtu wa Kibungo. Hivyo tu. Mtu wa Kibungo.

Saa moja kamili nilikuwa kwenye meza ya atelie. Nilizima simu, kwa sababu kila ilipolia nilipoteza kipimo. Kazi ile ni ya dakika ishirini, unajua. Vipande vitatu na mikanda ya kufungia, hakuna sindano. Mimi nilipima mara sita. Nikiweka chaki nafuta, nikiweka nafuta. Mama Sano akaingia, akaweka mkoba wake, akaja kusimama karibu.

"Bon, hiyo ni komande ya nani? Mi sikuiandika mu kitabu."

"Ni oda ya baba yangu, mama."

"Aah! Donc baba yako anakuja kututembelea? Iko muzuri sana! Tutamupikia samaki sambaza."

"Hapana mama. Mi ndio naenda."

Akasema nimsalimie. Nikasema nitamsalimia.

Nilimaliza saa mbili na dakika kumi. Nikakunja, nikatia begini, nikakimbia gare. Njia nzima nililiweka begi magotini. Nilijua nimechelewa nilipofika Nyabugogo, lakini nilikuwa najiambia hawawezi kumzika bila sanda, watakuwa wamekaa wananingojea mimi. Nilishuka Kibungo nikiamini hivyo. Hata nilipoona majembe yameoshwa niliamini kwa kama dakika moja hivi.

Ndiyo maana nilikaa dakika ishirini na mbili tu. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu na sanda ya baba mgongoni, na baba alikuwa ameshavaa nyingine.

Begi liko chini ya meza ya kukatia. Sijalifungua.

Sheikh wa huku nilimuuliza tu kama kungoja kunaruhusiwa. Sikumwambia kwamba basi la saa kumi na moja na nusu lilinipita mbele ya macho pale barabarani, na ndani kulikuwa na viti vitupu. Ningepanda hilo, saa sita kasoro ningekuwa Kibungo.

Sulaiman

&nbsp;

Kibungo, Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Kaka yangu,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nilitaka nikufiche na hili pia, kisha nikaona tumeshafichana vya kutosha.

Sanda yake aliikata mwenyewe.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Ramadhani. Asubuhi aliniambia funga mlango, lete ile pamba ya juu. Alikaa kwenye kiti, kusimama alikuwa hawezi tena. Akaniambia nishike upande wa pili. Nikamwambia, baba, mwanamke hashiki sanda ya mwanamume. Akasema, "Kaka yako yuko Gisenyi. Na hiyo ni mikono ya fundi, haiulizwi mwenyewe ni nani. Shika, usilegeze."

Nikashika. Nilipopima urefu aliniambia, "Wewe, punguza! Unamkatia nani, yule Muhamadi? Mimi nimeisha." Akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza akaikunja, tukaiweka kwenye sanduku la vifungo chini ya mashine yake. Ikakaa pale mpaka Septemba. Siku zote hizo nilishona nikiigusa kwa mguu.

Yako ingekuwa kubwa, kaka. Wewe ulimkatia baba uliyemwacha. Kanzu uliyomshonea Idi ile ya kwanza ulipokwenda huko, mwezi wa nane aliivaa mara moja, nikaikunja mabegani kwa pini nne, mbili kila upande.

Kama ningekwambia juu ya ini, ningekwambia na juu ya sanduku. Ungefunga kamba za viatu ukapanda basi. Alisema tusikwambie kwa sababu utaacha kazi, na kazi uliipata kwa taabu, na yeye hataki awe sababu ya mtu kurudi nyuma. Ndivyo alivyosema. Nikatii. Nilidhani nakulinda wewe.

Kwa hiyo usiniulize tena nani hakumngoja nani. Mimi nimeshindwa kuipata hesabu hiyo.

Arobaini ni Jumamosi ijayo. Watakuja watu kama sitini, tutasoma hitima baada ya adhuhuri. Njoo. Sikuombi useme chochote. Baba mdogo nimeshamwambia ukweli, wa maporomoko na wa sanda. Akasema, "Basi alikuwa kazini." Nadhani kwake hilo ni kusamehe.

Njoo, kaka.

Saidati

&nbsp;

Kibungo, Jumapili, 19 Oktoba 2025

Kaka,

Safari hii tulikungoja kweli.

Sheikh alitaka kuanza saa saba, nikasema bado. Saa nane akanitazama, nikasema bado. Chakula kikapoa, kina mama wakakirudisha motoni mara mbili. Baba mdogo mwenyewe alitoka kwenda kusimama barabarani na mwavuli. Alasiri ikaadhiniwa. Ndipo tukasoma.

Hakuna aliyeuliza barabara ikoje. Sikuongopa.

Niandikie tu kwamba u mzima.

Saidati

&nbsp;

Gisenyi, Alhamisi, 23 Oktoba 2025

Saidati,

Ni mzima.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza. Saa tatu asubuhi nilikuwa Nyabugogo. Nikanunua tiketi ya Kibungo, ya saa tatu na nusu. Nikakaa kwenye benchi. Basi likaja, likapakia, likaondoka. Yule dada wa tiketi akasema, "Wewe si ulikuwa wa hili?" Nikasema nitapanda lijalo. Likaja la saa nne, likaondoka. La saa nne na nusu, hivyo hivyo. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na huzuni hata, ningekuwa na huzuni ningejua la kufanya. Miguu ilikuwa mizima, tiketi ilikuwa mkononi, na mimi nilikuwa nimekaa.

Nilikuwa nafikiri kitu kimoja tu. Ulisema watu sitini. Watu sitini watanipa pole, na mimi natakiwa kusema asante mara sitini. Nikajitafuta ndani nikaona sina asante hata moja. Sina chochote. Tangu tarehe tisa nimekuwa kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako lakini ukiubana husikii.

Saa saba nikapanda gari la kurudi Gisenyi. Saa kumi na moja kasoro nilikuwa kwenye meza. Mama Sano, ambaye mwishowe nilimwambia, akaniuliza hitima ilikuwaje. Nikasema iko muzuri. Angalia nilivyosema. Hata Kiswahili cha baba kinanitoka.

Baba mdogo asisimame tena barabarani kwa ajili yangu. Kwa nini awe na adabu hiyo kwa mtu kama mimi? Nyumba shika wewe, na duka shika wewe, mashine yake na kila kitu. Nitaandika karatasi mbele ya mashahidi, nitie sahihi, mtu asikusumbue. Wewe ndiye uliyeshika upande wa pili. Mimi nimekosa safari mbili kati ya mbili, na mtu mwenye akili haweki ya tatu juu ya hesabu kama hiyo.

Usiningoje tena.

Sulaiman

&nbsp;

Kibungo, Jumanne, 28 Oktoba 2025

Kaka,

Karatasi yako usiiandike. Sina haja ya mashahidi, na ukiileta nitaikata niifanye patroni, kipimo cha kukatia mifuko.

Nyumba hii ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Asubuhi nafungua duka, nasema "baba, chai," halafu namimina mwenyewe nakunywa mwenyewe. Na mimi sisikii kitu, kaka. Ulidhani ni wewe peke yako? Jana nilijichoma na pasi hapa kwenye kiganja, nikakaa nikitazama ngozi inavyogeuka rangi, mteja ndiye aliyepiga kelele.

Umesema safari mbili kati ya mbili. Lakini zote ulikuwa unakuja wewe. Hakuna hata siku moja, tangu uondoke, ambayo mmoja wetu alifunga safari kuja kwako. Miaka minne. Baba alikuwa akisema mwakani, mwakani. Mimi sijawahi kuvuka Nyabugogo maisha yangu yote, na watu wananiambia huko milimani barabara inazunguka mpaka mtu anatapika. Nimenunua ndimu.

Ijumaa hii nafunga duka. Nimeshabandika tangazo mlangoni, na suruali ya mwalimu mkuu nimempelekea leo ili asinitafute. Baba mdogo amenipa gunia la ndizi nikuletee. Nimemwambia silibebi, amesema nitalibeba.

Saa siandiki, kwa sababu nikiiandika utaanza kuipima. Nitashuka huko gare. Simjui mtu yeyote, na nikiuliza njia watanicheka kama walivyokucheka wewe, kwa hiyo siulizi. Nitakaa juu ya gunia langu. Ukitoka kazini mapema, sawa. Ukija, ukasimama mbali, ukashindwa kusogea, sawa pia, nitakuona tu, na mimi ndiye nitakayenyanyuka.

Nakuja kukaa siku tatu, au mpaka mmoja wetu alie. Mimi sina haraka.

Mdogo wako,
Saidati